Sevisi imegoma kuwaka? Soma namba kwanza kabla hujapiga Windows mpya

Wakuu, hii inawakuta wengi. Unawasha kompyuta yako ya nyumbani, sauti hamna, au unataka karatasi mbili tu zitoke kwenye printa, kimya, unachokonoa chokonoa mpaka unakutana na kidirisha kinakwambia sevisi fulani imeshindwa kuanza, na mwishoni kuna namba, 1068 au 1053 au 1067 hivi. Unabonyeza OK, unajaribu tena, inagoma tena, alafu anatokea mtu anakwambia "piga Windows mpya tu hiyo". Usipige. Ukipiga Windows kwa ajili ya sevisi moja utakaa siku nzima unarudisha programu na draiva zako (draiva ni programu ndogo zinazoendesha vifaa) wakati huenda kuna kitu kimoja tu kimezimwa na mtu, na mara nyingine huyo mtu ni wewe mwenyewe, kama nilivyokuwa mimi, ntaeleza.

Naongelea Windows 10 na 11 maana ndo zimejaa kwenye kompyuta za nyumbani, Linux nitaigusa mwishoni.

Sevisi ni programu kama programu nyingine, ila haina dirisha, inafanya kazi kimya kimya huko nyuma, na nyingi zinawaka kabla hata hujaandika pasiwedi yako. Sauti ni sevisi, printa ni sevisi, apdeti ni sevisi, blututhi vilevile. Anayeziamsha zote anaitwa Service Control Manager, na huyu jamaa ana tabia moja nzuri sana, kila kinachoharibika anaandika: nani kagoma, saa ngapi, na kisa nini. Kwa hiyo hakuna haja ya kupiga ramli, shahidi yupo, ni kwenda kumsikiliza tu.

Kabla ya yote, ristati. Najua umeshachoka kuambiwa uristati, ila nisikilize. Watu wanazima kwa "Shut down", wanawasha tena, wanasema nimeshawasha upya na bado. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kikiwa kimewashwa ukibonyeza "Shut down" kompyuta inafunga vitu vyako wewe mtumiaji, ila ule upande wa ndani, pamoja na zile sevisi, inauhifadhi kwenye diski kama ulivyo alafu ukiwasha inaurudisha vilevile. Yaani sevisi iliyolala na ugonjwa wake inaamka na ugonjwa wake. Ukibonyeza "Restart" ndo kila kitu kinaanza upya kweli. Kwa hiyo ristati kwa "Restart", sio kwa kuzima, na kuna matatizo yanaishia hapo hapo.

Haijaisha? Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, Enter. Hilo ndo orodha la sevisi zote. Tafuta iliyogoma, ibofye mara mbili. Angalia vitu viwili tu kwanza, "Startup type" na "Service status". Startup type ikiwa Automatic maana yake inawaka yenyewe, Automatic (Delayed Start) inasubiri kama dakika 2 hivi wenzake watangulie, Manual inawaka ikiitwa, Disabled imefungiwa hata ikiitwa haitoki. Na usishtuke ukiona Manual, Manual sio ugonjwa, sevisi nyingi za Windows ziko hivo na zinafanya kazi vizuri tu. Hata Automatic ambayo imelala sio lazima iwe inaumwa, kuna zinazoamka, zinafanya kazi yake, zinarudi kulala, mfano Software Protection. Nimeona watu wanakaa usiku mzima wanalazimisha kila kilichoandikwa Automatic kiwe "Running". Kama hakuna kitu kimekukwama usiguse.

Ikigoma, iandike namba ya erori pembeni. Alafu nenda kwa shahidi: Windows na R tena, andika eventvwr.msc (ndo Event Viewer hiyo), fungua "Windows Logs" kisha "System". Humo ndani kuna makelele mengi, usiyasome yote, upande wa kulia kuna "Filter Current Log", kwenye "Event sources" chagua Service Control Manager. Sasa unabaki na maneno ya yule jamaa peke yake. Tukio 7000 ni sevisi kushindwa kuanza, 7001 ni kushindwa kwa sababu anayemtegemea kashindwa, 7009 ni kusubiriwa mpaka muda ukaisha, 7031 na 7034 ni sevisi iliyokuwa inatembea ikadondoka ghafla, 7038 ni kushindwa kuingia kwa akaunti, na 7040 ni mtu kubadilisha startup type. Hiyo 7040 ikariri, wengi hawaijui na ndo inamtaja mchawi.

Sasa tuanze na 1068 maana hii ndo inasumbua watu kuliko zote, na ndo iliyonipata mimi.

1068 maana yake: mimi mzima, ila niliyemtegemea hajaamka. Sevisi zinategemeana kama foleni ya watu wanaopokezana ndoo, mmoja akikosekana katikati maji hayafiki, na anayelalamika ni yule wa mwisho ambaye ndoo haijamfikia. Watu wanang'ang'ana na huyo wa mwisho, wanamfuta, wanamsajili upya, wanabadilisha draiva, wakati anayelia sio mchawi.

Mimi siku hiyo nilipakua kile kifaili cha .bat (faili la amri zinazojiendesha zenyewe mfululizo) kinachojisifu kinaifanya kompyuta iwe nyepesi kwa kuzima sevisi "zisizo na kazi". Nikakiendesha, kikapita kama umeme, nikasahau. Kesho yake sauti hamna, alama ya spika ina msalaba mwekundu. Nikadhani draiva, nikaitoa nikaiweka tena, mara mbili, hamna kitu. Nikaenda services.msc, Windows Audio imelala, nikabonyeza Start, 1068. Nikafungua tabo ya "Dependencies" kwenye hiyo hiyo sevisi, ile sehemu ya juu inakuonyesha anamtegemea nani: Remote Procedure Call (RPC) na Windows Audio Endpoint Builder. RPC ilikuwa inatembea (hiyo ikilala kompyuta yenyewe utaijua), nikaenda kwa Endpoint Builder, imeandikwa Disabled na kitufe cha Start kimefifia hakibonyezeki. Huyo hapo. Nikaingia kwenye Event Viewer kujua nani kamfungia, nikakuta tukio 7040 ziko 17 zimepangana ndani ya sekunde mbili, saa 4 na dakika 12 usiku, ambayo ndo saa niliyobofya kile kifaili changu. Nilicheka peke yangu.

Dawa ilikuwa Startup type irudi Automatic, bonyeza "Apply" kwanza, maana bila Apply kitufe cha Start kinabaki kimefifia na watu wanadhani kompyuta imekataa, alafu Start, alafu rudi kwa Windows Audio nayo Start. Sauti ikarudi kabla sijafunga dirisha. Zile nyingine 16 nikazirudisha moja moja kwa kusoma zile 7040, kwa sababu kila moja inasema sevisi ilikuwa kwenye hali gani kabla ya kubadilishwa, yaani ile logi ni kama umeandikiwa njia ya kurudi nyumbani. Angalizo: mtu au programu ikibadilisha kwa kuingia moja kwa moja kwenye rejistri (ghala la mipangilio ya Windows), hiyo 7040 hutaiona.

Kwa hiyo kanuni ya 1068, fungua Dependencies, shuka kwa anayetegemewa, akiwa naye analia 1068 shuka tena kwa wake, mpaka umpate aliyeanguka kwa sababu yake mwenyewe. Huyo ndo umtibu, wengine watafuata. Kama hupendi madirisha kuna amri, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" alafu andika

sc qc audiosrv

Itakupa mstari wa DEPENDENCIES na pia mstari wa BINARY_PATH_NAME ambao utauhitaji mbele. Audiosrv ni jina fupi la Windows Audio, jina fupi la kila sevisi liko juu kabisa kwenye tabo ya General, limeandikwa "Service name". Ukitumia PowerShell andika sc.exe, sio sc peke yake, maana kwenye PowerShell inayokuja na Windows sc ni amri nyingine kabisa ya kuandika kwenye faili na utabaki unashangaa mbona hamna jibu.

1058 hiyo ndo Disabled yenyewe, utaiona ukiwasha kwa amri ya net start. Ushajua dawa yake.

1053 ni nyingine ya kichwa ngumu. Hapa sevisi imeitwa, ikapewa sekunde 30 iitike, haikuitika, ikaandikwa imeshindwa. Kwenye logi utakuta 7009 inataja milisekunde 30000. Sababu ziko mbili kubwa. Moja, kompyuta nzito, diski ya zamani ya kuzunguka, programu kibao zinawaka pamoja asubuhi, sevisi inapigana kupata nafasi mpaka muda unaisha. Utaijua hii kirahisi, subiri dakika tano baada ya kuwasha, nenda services.msc bonyeza Start kwa mkono, ikiwaka bila tabu basi shida ni msongamano tu wa wakati wa kuwaka. Iweke Automatic (Delayed Start) na umalizane nayo. Ikibaki inagoma asubuhi unaweza kuongeza huo muda kwenye rejistri: regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control, hiyo folda ya Control yenyewe usishuke zaidi, upande wa kulia tengeneza "DWORD (32-bit) Value" iite ServicesPipeTimeout, chagua Decimal, weka 60000, ristati. Kabla ya kugusa chochote humo tengeneza "restore point" kwanza, rejistri haina kitufe cha kurudi nyuma.

Sababu ya pili ya 1053 ni kwamba programu yenyewe inakufa kabla haijaitika, kuna kipande chake kimepotea au kimeharibika. Hii hata ukiipa saa nzima haitaitika, kwa hiyo kuongeza muda ni kujidanganya. Hapo toka kwenye "System", nenda kwenye "Windows Logs" kisha "Application" uangalie kama kuna erori saa ile ile, mara nyingi utaona jina la .exe na .dll iliyoleta balaa. Itoe programu hiyo kabisa, ristati, iweke upya toleo jipya.

1069 ni pasiwedi. Sevisi nyingi zinatumia akaunti za ndani za Windows kama Local System au Network Service ambazo hazikudai pasiwedi, ila kuna programu, hasa za bakapu na za data, uliziweka zitumie akaunti yako wewe. Siku ukibadilisha pasiwedi sevisi haiambiwi, inaendelea na ya zamani, inakataliwa. Tabo ya "Log On", andika mpya mara mbili, Apply. Imeisha.

1067 ni kwamba imewaka ikafa hapo hapo. Kwa mtu wa kawaida inakuja sana kwenye printa, na kwa wanaojifunza kutengeneza tovuti inakuja kwenye seva za data wanazoweka nyumbani. Kwa seva angalia kwanza kama poti (namba ya mlango ambao seva inapokelea mawasiliano) imeshachukuliwa, sevisi mbili hazikai kwenye poti moja, mfano 3306 ambayo ni ya MySQL:

netstat -ano | findstr :3306

Namba ya mwisho kwenye mstari ni PID, yaani namba ya programu inayoshika hiyo poti, fungua Task Manager tabo ya Details uone ni nani. Ukifanya hivo kwa poti 80 ukakuta PID 4, hiyo ni Windows yenyewe, na mara nyingi nyuma yake kuna sevisi inaitwa World Wide Web Publishing Service uliyoiwasha siku moja ukasahau. Poti ikiwa wazi basi shida ni faili la mipangilio la hiyo seva au data iliyoharibika umeme ulipokatika, soma logi ya seva yenyewe, sio ya Windows, Windows hapo haijui zaidi ya kwamba imekufa.

Printa ndo nataka nikae nayo kidogo. Print Spooler, ile sevisi inayopanga foleni ya kuprinti, inawaka, sekunde chache inadondoka, unaiwasha inadondoka tena. Mara nyingi kuna kazi moja ya kuprinti imeharibika iko kwenye foleni, spooler ikiamka inaisoma, inakabwa nayo. Fungua Command Prompt kama administrator:

net stop spooler
del /Q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Ukisema ufute kwa mkono ingia kwenye folda ya PRINTERS ufute vilivyomo ndani, usifute folda yenyewe, na usiguse folda ya drivers iliyo jirani yake, nimeshaona mtu kafuta vyote kwa hasira akaishia kutafuta draiva za printa usiku. Kama foleni ni safi na bado inadondoka, basi ni draiva ya printa, hasa kama umewahi kuwa na printa tatu nne na hukuzitoa vizuri. Andika printui /s /t2, litafunguka dirisha la draiva zote za printa zilizowahi kuwekwa, toa zile za printa ambazo huna tena.

Erori 2 na 3 ni faili au njia haipo: sevisi imeambiwa ikawashe .exe ambayo haipo, labda ulifuta folda ya programu bila kuitoa kwa utaratibu, au antivairasi imeifungia. Ile BINARY_PATH_NAME ya sc qc itakuonyesha inatafuta wapi, nenda ukaangalie kama faili lipo, na angalia karantini ya antivairasi. Kama programu huna tena na sevisi ni mabaki tu, sc delete ikifuatiwa na jina fupi inaiondoa, ila uwe na uhakika ni jina sahihi, haiulizi mara mbili.

193 ina kituko chake. Inasema faili sio programu halali. Kuna wakati utakuta kuna faili limeitwa "Program" tu, limekaa wazi kwenye C:, ndo hilo. Sevisi ambazo njia yake haijafungwa kwa alama za kunukuu, Windows ikisoma C:\Program Files inaishia kwenye ile nafasi, inakuta kifaili cha Program, inajaribu kukiwasha. Badilisha jina la hicho kifaili, ristati.

Erori 5 ni kukataliwa ruhusa. Kwanza hakikisha umefungua kama administrator. Ila sevisi za ulinzi za Windows zimefungwa makusudi, hata administrator vitufe vinafifia, na ukiwa umeweka antivairasi nyingine ni kawaida ya Windows kujiweka pembeni. Ila kama huna antivairasi nyingine yoyote na ya Windows imezimwa na inakataa kuwaka, hapo usiichukulie poa, fanya skani ya "Offline" ya Microsoft Defender, kirusi mara nyingi kinaanza kwa kumzima mlinzi. Na kama ukiona 1084 uko kwenye Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya msingi tu, humo sevisi nyingi haziruhusiwi, usihangaike nayo.

Ikiwa sevisi za Windows zenyewe ndo zinaanguka, na zaidi ya moja, shuku mafaili ya sistimu. Amri mbili za kuyakagua na kuyatengeneza, kwa mpangilio huu, ya kwanza inataka intaneti:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Zinachukua muda na ya kwanza huwa inaganda kwenye asilimia fulani mpaka unadhani imekufa, iache.

Na kama umeshuku sevisi ya programu fulani inawagombanisha wengine lakini hujui ipi, andika msconfig, tabo ya Services, weka tiki kwenye "Hide all Microsoft services" KWANZA, narudia kwanza, alafu kati ya zilizobaki zima nusu, ristati. Tatizo limeisha? Yupo kwenye hiyo nusu uliyozima. Halijaisha? Yupo kwenye nusu nyingine. Unagawa tena nusu. Zikiwa 16 umempata kwa ristati 4, wakati ukizima moja moja ungeristati mpaka mara 16.

Kwa wa Linux, hadithi ni ile ile majina tofauti. Anza na systemctl --failed kuona zilizoanguka, kisha journalctl -u ikifuatiwa na jina la sevisi na -b ili upate za tangu kompyuta iwake mara ya mwisho tu. Ukiona 203/EXEC njia ya programu imekosewa au faili halina ruhusa ya kuendeshwa, 217/USER mtumiaji aliyetajwa hayupo. Ukihariri faili la sevisi usisahau systemctl daemon-reload, bila hiyo unatibu nakala ya zamani. Na ikikwambia imejaribu mara nyingi kwa haraka, rekebisha kosa, piga systemctl reset-failed, ndo uwashe.

Kitu cha mwisho, ile tabo ya "Recovery" kwenye services.msc yenye "Restart the Service", wengi wanaiweka wakidhani ndo tiba. Inasaidia sevisi iliyokuwa inatembea ikadondoka, iliyogoma kuwaka tangu mwanzo haiisaidii. Ukimaliza kutengeneza ristati mara mbili, sio moja, alafu rudi Event Viewer na ile filta ya Service Control Manager, kama kuanzia saa uliyoristati hamna 7000 wala 7001 mpya, funga kila kitu ukalale.